UZI: Unarudi nyumbani kutoka Uingereza? Hesabu miaka yako ya NI (National Insurance, mchango wa bima ya taifa ya kule) kabla hujafunga mizigo

Mzee wa Chumbageni (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Mimi humu ni msomaji wa miaka mingi, kuandika si kawaida yangu, ila Ijumaa iliyopita nilikuwa msibani Pongwe nikakaa mkeka mmoja na mama mmoja aliyerudi kutoka Leicester. Kakaa kule miaka 11 akifanya usafi wa maofisi, mwaka jana katimiza miaka 66, akaomba pensheni ya serikali ya kule, barua ikarudi kwamba hastahili kitu. Hamna kabisa, hata paundi moja. Miaka yake inayohesabika ni 9 na sheria inataka isipungue 10. Akaniuliza, kaka, sasa zile hela walizokuwa wananikata zimekwenda wapi? Nilikosa la kumjibu aisee. Nimerudi nyumbani usiku sikulala vizuri, nikasema ngoja niandike, walioko huko bado wasome wakiwa na muda.

Mimi nilikwenda 1996 nikarudi Tanga 2019, muda wote huo Reading, kwanza kubeba maboksi ghalani, halafu kea (kuhudumia wazee na wagonjwa), halafu kusukuma vitanda hospitali mpaka mgongo ukakataa. Pensheni nilianza kupokea 2023 nilipotimiza 66. Kwahiyo ninayoyasema nimeyapitia.

Kitu cha kwanza ambacho wengi wetu tunakosea, tunadhani pensheni ni ya raia au ya mwenye makaratasi ya kudumu. Hapana. Inatazama mchango wa NI tu, ule unaokatwa kwenye slipu ya mshahara pamoja na kodi. Uwe na pasi ya Tanzania, ya Kenya, ya Kongo, umeingia kwa viza ya kazi au umeolewa, kama NI imeingia mwaka wako unahesabika na ukiondoka nchini unabaki na jina lako palepale. Kwa mfumo mpya ulioanza 6 Aprili 2016, miaka 35 inakupa pensheni kamili, 10 inakupa kidogo, chini ya 10 hupati. Na NI hairudishwi, usije ukadanganywa na mtu kwamba ukiondoka unaomba wakurejeshee, hayo wanafanya Ujerumani kwa baadhi ya watu, Uingereza hamna.

Sasa yule mama miaka 2 kaipoteza wapi? Hapa nataka msome taratibu hasa nyie mnaofanya usafi. Alikuwa na kazi tatu. Saa 11 alfajiri anafungua ofisi ya kwanza, jioni anakwenda mbili nyingine, kila moja masaa mawili matatu. Ukijumlisha alikuwa anapata hela ya kueleweka. Lakini mwaka hauhesabiki kwa jumla ya kazi zote, kila mwajiri anatazamwa peke yake, na kila mmoja alikuwa anamlipa chini ya kile kiwango ambacho NI inaanza kuhesabu (mwaka wa kodi 2025/26 kilikuwa paundi 125 kwa wiki kwa kazi moja). Mtu anaamka usiku anachoka mwaka mzima, kwenye kumbukumbu zao ni kama alikuwa amelala. Ningekuwa na uwezo ningebandika tangazo hili kila kituo cha basi cha alfajiri.

Mimi pia nusura yanikute. Mwaka 2018 nilipoanza kufikiria kurudi, kijana wangu aliniingiza kwenye tovuti ya serikali yao tukafungua kumbukumbu ya NI, unaona mwaka baada ya mwaka, uliojaa na usiojaa. Nikakuta miwili mibovu. Mmoja nilikuwa naujua, 2011 nilikaa Tanga miezi mingi namuuguza mama mpaka alipofariki, sikuchangia. Mwingine ulinishtua, nilifanya kazi mwaka mzima kwa ajensi moja ya kea na NI ilikuwa inakatwa kila wiki naiona kwa macho yangu, ila kwenye kumbukumbu hamna kitu. Mke wangu Mungu amlipe heri, alikuwa na bati la biskuti anaweka kila karatasi ya hela. Tukalimwaga kitandani, slipu zimefifia wino, zingine zimeshikana kwa unyevu, chini kabisa tukaipata P60 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka) ya mwaka ule. Nikapiga kopi nikatuma HMRC (mamlaka yao ya kodi), ilichukua miezi lakini mwaka ukarudi. Ule wa kumuuguza mama nikaununua kwa mchango wa hiari. Bila bati lile ningefika mbele ya nani niseme nini?

Ya kuganda, yaani pensheni kutopandishwa ukiwa nje, nitaisema chini, vidole vimechoka. Ulizeni.

KijanaKea_NN

Shikamoo mzee wangu. Asante sana kwa huu uzi. Mimi nipo Northampton nimekuja na viza ya kea 2022, mwaka wa nne huu, mwajiri anasumbua na mambo ya makazi ya kudumu kila siku sheria inabadilika, kuna jamaa yangu ananiita Kanada. Sasa nikiondoka hii miaka yangu minne ndo basi tena?

Mzee wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Nisikufiche, ukiondoka sasa na minne peke yake hali ni ngumu kuliko ilivyokuwa kwetu. Zamani ukishakuwa na miaka 3 ya kuishi au kuchangia ulikuwa unaweza kuendelea kulipa ukiwa nje, tena wengine walikuwa wanalipa ile Klasi 2 (daraja la bei rahisi la mchango wa NI) ambayo 2025/26 ilikuwa paundi 3.50 tu kwa wiki. Hilo limekwisha. Kuanzia 6 Aprili 2026 aliye nje hana tena Klasi 2, imebaki Klasi 3 ambayo ni ghali, na ili uruhusiwe uwe umeishi kule miaka 10 mfululizo au umechangia miaka 10. Lilitangazwa kwenye bajeti yao ya Novemba 2025 na watu wetu wengi sana hawana habari.

Ila iko njia nyingine ndogo. Ukienda kufanya kazi nchi za Umoja wa Ulaya, au Marekani, kuna mikataba ya kujumlisha, miaka ya kule inaweza kukusaidia kuvuka ile 10, halafu Uingereza inakulipa sehemu ya ile minne yako. Kwahiyo hata ukiondoka usitupe karatasi. Namba yako ya NI iandike mahali ambapo hata simu ikiibiwa utaiona.

Na leo usiku kabla hujalala fungua kumbukumbu yako uone kama minne ni minne kweli.

Mombasani

Mzee nakupa heko, maneno haya yanataka kusemwa misikitini na makanisani. Mimi niwaambie habari ya kuganda maana naijua kwa babangu. Babangu alifanya kazi London miaka na miaka, akarudi kwetu Kisauni, pensheni ikaanza 2004 paundi 41 kwa wiki. Leo hii nikiandika ni paundi 41. Miaka 22! Mkate umepanda, dawa ya presha imepanda, kodi ya nyumba imepanda, zile paundi ni zilezile hazijaongezwa hata peni.

Sheria yao iko hivi, pensheni kila Aprili inapandishwa kwa kile kilichozidi kati ya bei za vitu, mishahara ya watu na asilimia 2.5. Lakini nyongeza hiyo anapewa aliyeko Uingereza kwenyewe, au nchi za Ulaya, au nchi yenye mkataba nao wa kupandisha. Marekani wanapandishiwa. Uturuki, Ufilipino, Jamaika wanapandishiwa. Hapa jirani zetu Morisi wanapandishiwa. Kenya hapana, Tanzania hapana, Uganda hapana, Oman na Dubai hapana. Na msidhani ni sisi weusi peke yetu, Kanada na Australia na Afrika Kusini pia wameganda, na huko ndiko wanakaa wengi wa walioganda. Yaani mzee akikaa upande wa Marekani pale Niagara anaongezewa, akivuka daraja akaishi upande wa Kanada anaganda.

Watu walikwenda mahakamani. Bibi mmoja Annette Carson aliyekuwa akiishi Afrika Kusini pamoja na wenzake walifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, 16 Machi 2010 wakashindwa, majaji 11 kwa 6. Na mwaka 2024 mwishoni bibi Anne Puckridge, aliyetumikia jeshi la Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alitoka Kanada akiwa karibu na miaka 100 akaenda London kudai. Yeye pensheni yake ilikuwa imeganda kwenye paundi 72.50 tangu 2001. Hawakumbadilishia. Sasa kama mwanajeshi wao wenyewe wamemfanyia hivyo, babangu wa Kisauni atafanya nini? Mimi jambo hili linaniuma, kwa sababu babangu alilipa sawasawa na jirani yake aliyebaki kule, kodi ileile, NI ileile.

Mzee wa Chumbageni

Pole sana ndugu yangu, msalimie baba. Ndivyo ilivyo. Mimi 2023 pensheni kamili ilikuwa paundi 203.85 kwa wiki, kwa miaka yangu 22 nikaangukia kwenye 128. Mwenzangu tuliyesukuma naye vitanda shifti moja, miaka yetu sawa, amebaki Reading. Aprili 2026 pensheni kamili imefika 241.30, yeye sasa anapata kama 151. Mimi 128. Tofauti ya paundi 23 kila wiki na itazidi kupanuka kila mwaka.

Nilirudi nikijua, kwahiyo silii. Tanga nina nyumba yangu, nina ndugu, paundi 128 hapa inafanya kazi ambayo 151 kule haifanyi. Lakini kuna watu wanarudi na hesabu kichwani kwamba pensheni itakua pamoja na bei, wanakopa kwa hesabu hiyo. Msifanye hivyo. Chukueni ile namba ya siku ya kwanza mjue ndiyo hiyohiyo hata mkiwa na miaka 85.

Jambo ambalo wengi hawajui, ukienda kule kutembea, ukawaambia ofisi ya pensheni ya kimataifa, siku zile ulizoko kule wanakulipa kiwango cha sasa hivi. Ukirudi Tanga kinashuka tena kwenye kile cha zamani. Na ukihamia moja kwa moja, kule au nchi inayopandishiwa, unapewa kiwango cha sasa.

MamaWawili_MK

Shikamoo mzee, mimi nipo Milton Keynes nafanya kazi ofisi ya mishahara, kwahiyo slipu ndo maisha yangu. Nina mawili.

La kwanza kwa akina mama. Kama ulikaa nyumbani unalea, miaka ile haijapotea kama uliomba chaild benefiti (posho ya watoto) kwa jina LAKO na mtoto yuko chini ya miaka 12, unapewa alama ya NI bure. Shida niliyoiona kwa dada zetu wengi, fomu anajaza baba, yeye yuko kazini NI yake imejaa tayari, ile alama inamwangukia yeye ambaye haimsaidii kitu, mama anabaki na mashimo. Na wengine mume analipwa vizuri wakasema tusiombe maana watatudai kwenye kodi, wakaacha kabisa. Hapana, unaweza kuomba ukakataa hela yenyewe ukachukua alama ya NI tu. Mimi watoto wangu wawili wamenipa miaka 5 hivyohivyo.

La pili mzee wangu naomba nikusahihishe kwa heshima, yule mama wa Pongwe usimkatie tamaa. Umesema katimiza 66 mwaka jana? Bado anaweza kununua mwaka uliopungua! Kufika umri wa pensheni hakukuzuii kujaza miaka ya kabla ya umri huo, kinachokuzuia ni muda, unarudi nyuma miaka 6 ya kodi tu. (Ile ruhusa ya kurudi hadi 2006 ilifungwa 5 Aprili 2025.) Na yeye ameishi kule miaka 11 mfululizo, kwahiyo hata kwa ile sheria mpya ya 10 anapita. Amepungukiwa mmoja tu mzee, mmoja! Kwa bei ya 2025/26 Klasi 3 ilikuwa 17.75 kwa wiki, mwaka mzima paundi 923. Akiwa na miaka 10 anapata 10 kwa 35 ya pensheni kamili, kwa kiwango cha sasa ni karibu paundi 68 na senti kila wiki, maisha yake yote. Hela yake inarudi ndani ya miezi minne.

Asilipe popote kabla hajajaza fomu CF83 (ya kuomba kulipa NI ya hiari ukiwa nje) na HMRC wamjibu kwa maandishi mwaka upi unajazika na bei gani. Na asimpe mtu wa kati, fomu ni bure.

Mzee wa Chumbageni

Binti yangu, nimesoma nimesimama. Mimi nilidhani mlango umefungwa siku aliyotimiza umri. Mungu akubariki wewe na hao wawili. Kesho asubuhi nakwenda Pongwe.

Mjukuu wa Pangani

Mzee mimi nina maswali ya haraka, baba yetu mdogo alifariki mwaka jana alikuwa anapokea hiyo pensheni, mjane anarithi? Na pili, NSSF yangu ya Dar ya miaka 6 inaweza kujumlishwa na ya Uingereza?

Mzee wa Chumbageni

Poleni na msiba. Hii ya mfumo mpya kwa kawaida hairithiwi, inaishia na mwenyewe, haiingii kwenye mirathi. Kwa waliostaafu kwenye mfumo wa zamani kuna vipengele vya mjane, kwahiyo aandike aulize. Lakini la haraka zaidi, je mlitoa taarifa ya kifo? Kama hela imeendelea kuingia baada ya kufariki msiiguse, wataidai.

NSSF haijumlishwi, Tanzania na Uingereza hawana mkataba huo. Kila moja inasimama na masharti yake, ya kwetu pensheni kamili inataka michango ya miezi 180.

Na nimeombwa kwenye inboksi nieleze ile fomu ya uhai. Ukishakuwa nje kila baada ya muda wanakutumia karatasi kwa posta, unatia saini mbele ya shahidi wa kuaminika, daktari, wakili, mtu wa namna hiyo, anathibitisha kwamba uko hai, unairudisha. Usiporudisha kwa wakati wanasimamisha malipo. Mimi mwaka juzi ufunguo wa sanduku la posta alikuwa nao mtoto wa dada yangu, akahamia Dodoma nao, barua ikakaa ndani miezi. Nikaona mwezi umepita benki kimya, mwezi wa pili kimya. Nikapiga simu ofisi ya pensheni kule Newcastle, wakaniambia tulikuandikia hukujibu. Wakaleta nyingine. Nikaenda kwa wakili hapa mjini, nikakaa mbele yake na pasi mkononi, akanitazama usoni, akatazama picha, akanitazama tena, akaandika kwamba amemwona mtu huyu yu hai, akagonga muhuri. Nilitoka pale miguu haina nguvu, si kwa hela tu, ni ule uzito wa kwenda kushuhudiwa kwamba bado upo. Malipo yalirudi pamoja na malimbikizo. Sasa ufunguo naufunga kwenye mnyororo mmoja na wa mlango wa nyumba.

Na jingine, pensheni haiji yenyewe. Ukiwa Tanga hakuna atakayekukumbusha, inabidi uombe, unaweza kuanza miezi 4 kabla ya kutimiza umri. Sasa hivi umri ni 66 na umeanza kusogea kwenda 67 kati ya 2026 na 2028, kwahiyo mliozaliwa kuanzia Aprili 1960 tazameni tarehe yenu hasa.

KijanaKea_NN

Mzee nimefungua kumbukumbu jana usiku. Miaka mitatu imejaa, mmoja wanasema haujajaa. Ni mwaka ule niliokaa miezi bila shifti baada ya kampuni ya kwanza kunyang'anywa leseni. Nimekaa natazama tu skrini. Kanada nimeisimamisha kwanza, nataka nijue nikibaki mpaka kumi inakuwaje.

MamaWawili_MK

Kijana ule usiojaa bofya ndani yake, watakuonyesha wiki ngapi zimepungua na bei ya kuzijaza, mara nyingi ni wiki chache sio mwaka mzima. Una miaka 6 ya kuujaza, usikimbilie kukopa. Na angalia pia pensheni ya kazini, ile asilimia 5 yako na 3 ya mwajiri, hiyo ni mfuko mwingine kabisa na ni yako hata ukiondoka kesho. Kila ajensi uliyopita andika jina la mfuko.

Mzee wa Chumbageni

Wakuu narudi na habari ya Pongwe. Nilimkuta yule mama anachambua mchele barazani. Nikamwambia dada, kuna binti yuko Milton Keynes anasema mwaka mmoja unanunulika. Akaweka ungo chini. Akaniuliza mara tatu, kaka una hakika? Nikamwambia hakika watatupa wao kwa barua, sisi tunajaza. Akaingia ndani akatoka na pochi ya plastiki, ndani kuna kadi yake ya NI, slipu za zile ofisi tatu zimefungwa kwa mpira kila moja fungu lake, na tiketi ya basi la Leicester ambayo sijui kwanini aliitunza. Mjukuu wake akachapisha CF83 dukani kwa jirani, tumeijaza pamoja, yeye anasoma namba mimi naandika maana macho yake hayaoni karibu. Palipoandikwa umeishi Uingereza tangu lini hadi lini alizitaja tarehe zote mbili bila kufikiri.

Anwani tumeweka sanduku langu la posta, ambalo ufunguo ninao. Jumatatu naituma. Wakijibu nitaweka hapahapa bei waliyosema na mwaka waliomkubalia.